Kumeza si Kumeng'enya: Juu ya Istilahi za Kifua Kikuu

Tafsiri ninayokusudia kuihakiki katika makala haya ni yangu mwenyewe, na kwa hiyo sina wa kumwomba radhi ila wasomaji wake. Ni ukurasa mmoja wa kijitabu cha mafunzo ya wahudumu wa afya vijijini, unaoeleza kwa nini mtu aliyeambukizwa kifua kikuu aweza kukaa miaka mingi bila kuugua, na kwa nini aliyekwisha kuugua hana budi kumeza dawa kwa miezi 6 hata kama kikohozi kimemwacha baada ya wiki chache. Jambo lote limebebwa na sentensi moja, nami niliitafsiri hivi: "Vijidudu vya kifua kikuu vinapoingia katika mapafu, askari wa mwili huvila na kuviua, lakini vingine hulala humo kwa miaka mingi."

Niliiona kuwa sentensi nzuri. Haina neno gumu, ni fupi, na mtoto wa shule ya msingi aweza kuisoma. Kabla ya kijitabu kuchapwa nilikisoma mbele ya kikundi cha watu katika kata ya Kinyala, wilayani Rungwe, siku ya mvua, na wanaoijua mvua ya huko chini ya bati watafahamu kwamba nililazimika kuisoma sentensi hiyo mara tatu ili wa nyuma wasikie. Mara ya tatu mzee mmoja aliinua mkono. "Mwanangu," alisema, "huyo aliyeliwa akafa tumekwisha kumwelewa. Sasa huyu aliyelala, amelala wapi? Na kama amelala, mnamwamshia nini kwa vidonge?"

Nilimjibu kwa maneno mengi yaliyoanza na "kitaalamu, mzee wangu", na watu wakacheka kwa adabu. Mzee hakupata jibu. Alikuwa ameuliza maswali mawili, na yote mawili yalikuwa ni maswali ya istilahi kabla ya kuwa maswali ya tiba. Makala haya ni jibu lake lililochelewa.

Hapana budi kwanza kueleza mambo yalivyo. Bakteria wa kifua kikuu, aliyetangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, huvutwa pamoja na hewa hadi katika vifuko vidogo vya mwisho vya mapafu. Humo hukutana na seli kubwa za kinga ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachofika: vumbi, moshi, mabaki ya seli zilizokufa, na bakteria. Kinachomezwa hakielei ovyo ndani ya seli, bali huzungukwa na utando na kuwa ndani ya kifuko. Kwa kawaida kifuko hicho huzidi kuwa na asidi, kisha huungana na vifuko vingine vilivyojaa vimeng'enya, na kilichomo huvunjwavunjwa hata kisibaki kitu. Hivyo ndivyo wanavyoangamia bakteria wengi walio dhaifu.

Bakteria wa kifua kikuu humezwa kama wenzake, wala hapigani asimezwe. Tofauti huanzia baada ya hapo. Ana ukuta mnene wenye mafuta na nta, na kutoka katika ukuta huo, na kwa protini anazozitoa, huvuruga mawasiliano ya ndani ya seli, hata kifuko alichomo kisipate asidi ya kutosha wala kisiungane na vile vyenye vimeng'enya. Jambo hilo lilionyeshwa kwa darubini ya elektroni na Armstrong na Hart, nchini Uingereza, katika utafiti uliochapishwa 1971. Watafiti waliokuja baadaye wamebainisha kwamba bakteria huyo aweza hata kuutoboa utando wa kifuko chake, na kwamba hujilisha kwa mafuta ya seli iyo hiyo iliyommeza. Huzaliana polepole mno, akihitaji takribani saa 20 ili mmoja awe wawili, hali bakteria wengine wa kawaida huhitaji dakika 20 tu. Mwili nao haukai kimya. Huzizingira seli zilizoambukizwa kwa seli nyingine nyingi, pakawa na kifundo kidogo, na katika watu walio wengi maambukizi huishia kifungoni humo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba robo ya watu wote wa dunia wamepata kuambukizwa, nao watakaougua katika maisha yao ni kati ya 5 na 10 katika kila 100.

Sasa turejee kwenye sentensi yangu, tukianza na kitenzi "huvila". Kosa hili lina asili ya kale kuliko mimi. Elie Metchnikoff, aliyezichunguza seli hizi huko Messina mwaka 1882 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alizipa jina lililotokana na Kiyunani lenye maana ya kula, na "makrofaji" maana yake ni "mlaji mkubwa". Mfasiri anayefuata asili ya neno neno kwa neno atasema "kula", naye atakuwa mwaminifu kwa Kiyunani na mdanganyifu kwa ugonjwa. Kwa maana Kiswahili kina jambo ambalo lugha nyingi hulieleza kwa taabu: sisi hutofautisha wazi kati ya kula, kutafuna, kumeza na kumeng'enya, na kila hatua ina kitenzi chake. Aliyesema "amekula" amesema kazi imekwisha. Aliyesema "amemeza" amesema tu kwamba kitu kimepita kooni. Mtoto aliyemeza sarafu hakuila, na mama yake anajua hivyo, ndiyo maana humngojea siku mbili tatu.

Ugonjwa wote wa kifua kikuu umo katika nafasi iliyo kati ya kumeza na kumeng'enya. Mfasiri akiiziba nafasi hiyo kwa neno "kula", ameufuta ugonjwa wenyewe, na hapo msikilizaji mwenye akili hana budi kuuliza kama alivyouliza yule mzee: aliyeliwa amelala wapi? Nami nilikuwa nimeongeza "na kuviua", ati kwa ajili ya uwazi!

Hapa napenda kusisitiza kwamba istilahi tunazo. Neno "kimeng'enya" limezoeleka katika vitabu vya biolojia kwa miaka mingi, nalo ni miongoni mwa istilahi chache za sayansi ambazo mwanafunzi huzielewa kabla ya kufafanuliwa, kwa sababu kitenzi chake ki hai mdomoni mwake. Likikubaliwa hilo, mengine hufuata kwa mantiki: kifuko anamokaa bakteria aliyemezwa na kiitwe "kifuko cha mmezo", na kile chenye dawa ya kuyeyusha kiitwe "kifuko cha vimeng'enya". Wako watakaotaka "lisosomu", nami sina ugomvi nao katika kitabu cha chuo kikuu. Lakini mhudumu wa afya anayeambiwa kwamba bakteria "huzuia kifuko cha mmezo kisiungane na kifuko cha vimeng'enya" amekwisha kuelewa uchunguzi wa 1971 bila kupita chuo chochote.

La pili ni "askari wa mwili". Msemo huu ulienea sana katika mafunzo ya UKIMWI tangu miaka ya 1980, na hatuwezi kuubeza. Katika siku ambazo ugonjwa ule haukuwa na dawa, mwalimu aliyesimama mbele ya darasa na kusema kwamba virusi huwaua askari wa mwili alieleweka mara moja. Lakini kilichofaa kwa ugonjwa mmoja si lazima kifae kwa mwingine. Katika UKIMWI askari huuawa. Katika kifua kikuu askari humhifadhi adui. Sasa tuseme nini? Kwamba askari ni msaliti? Mgonjwa aliyekwisha kuelemewa na aibu ya kukohoa mbele za watu, na ambaye aghalabu sahani na kikombe chake vimetengwa, hastahili kuambiwa pia kwamba mwili wake umemsaliti. Tena askari ni mtu, huamua. Makrofaji haiamui kitu. Inapokosa kumeng'enya ni kwa sababu imezuiwa, au kwa sababu haijapata ishara kutoka kwa seli saidizi za kinga, zile zile ambazo virusi vya UKIMWI huziangamiza. Ndiyo sababu magonjwa haya mawili yameandamana kama pacha katika nyanda za juu za kusini kwa miaka mingi.

Wazee wa Rungwe wana sababu nyingine ya kulielewa jambo hili bila askari. Katika miaka ya 1930 vijana wengi wa huko walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na baadaye wengi zaidi walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na ya dhahabu ya Afrika Kusini. Vumbi la mawe ya migodini humezwa na makrofaji za mapafu, lakini mawe hayameng'enyeki, na seli iliyoyameza hudhurika na kufa. Mtu mwenye mapafu ya namna hiyo akivuta bakteria wa kifua kikuu, wamezaji wake wamekwisha kulemazwa, na hatari ya kuugua huzidi mara nyingi. Niliposimulia habari hii mkutanoni, bila askari hata mmoja, hakuna aliyeuliza swali. Jiwe limemezwa, halikuyeyuka, limemdhuru aliyelimeza: jambo limeeleweka. Kutoka jiwe hadi bakteria ni hatua moja.

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya alinikumbusha utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi, yaani kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo kwenda mbali. Na kwamba neno "ngeli" tulilichukua Kihaya tukafanikiwa. Je, Kinyakyusa hakina la kutupa? Kinalo, tena la kushangaza. Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951 habari za abamanga, yaani walinzi wa kijiji ambao iliaminika kwamba huwaona wachawi ndotoni na kupigana nao usiku. Nguvu ya mlinzi na nguvu ya mchawi zilisemwa kuwa za asili moja: chatu aliyemo tumboni. Mlinzi aliyebeba ndani yake kitu kile kile anachopigana nacho! Sidhani kama yuko mshairi ambaye angebuni mfano ulio karibu zaidi na makrofaji iliyoambukizwa.

Hata hivyo naukataa, na sababu yangu si ya lugha. Mahali ambapo bado wako wanaokwenda kwa mganga kwanza na hospitalini baadaye, istilahi inayomweka bakteria katika jamii moja na chatu wa mchawi itamrudisha mgonjwa kule kule tulikotaka kumtoa. Istilahi yaweza kuwa nzuri kama mfano na kuwa mbaya kama neno la kazi. Waundaji wa istilahi wanaotukuza lugha za makabila yetu, nami ni mmoja wao, wapaswa kulikumbuka hilo.

Nafika sasa kwenye "hulala", ambalo kwa maoni yangu ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa ndilo linalopendeza zaidi. Karibu kila mtu husema "TB iliyolala". Vitabu vya jiografia navyo hutuambia kuna volkano iliyo hai, iliyolala na iliyokufa, na mwalimu mmoja pale mkutanoni, akielekeza mkono upande wa Mlima Rungwe usioonekana kwa mawingu, alisema watoto wake wataelewa kwa njia hiyo. Pengine. Lakini tuliangalie neno lenyewe. Katika Kinyakyusa salamu ya kila siku ni "ugonile", kutokana na kitenzi kinachomaanisha kulala. Kumuuliza mtu kama amelala ni kumuuliza kama yu salama. Nasi katika Kiswahili huulizana "umelalaje?" kwa nia iyo hiyo. Usingizi ni amani. Mwenye kuambiwa kwamba vijidudu vyake vimelala ameambiwa kuwa hali ni njema, naye akipewa vidonge atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini tunaviamsha. Upande wa pili, "amelala" kwetu ni pia mgonjwa wa kitandani, na "amelazwa" ni wa hospitalini. Kwa hiyo "TB iliyolala" kwa mmoja ni nzima, na kwa mwingine ni ile iliyomlaza mtu. Neno moja haliwezi kubeba yote mawili na kubaki istilahi.

Tena si kweli. Bakteria aliyemo ndani ya makrofaji, hata azaliane polepole namna gani, hajalala. Kila saa anafanya kazi ya kuzuia kifuko chake kisimmeng'enye. Mwili nao, kwa upande wake, kila saa unafanya kazi ya kumzingira. Kinachoonekana kwa nje kuwa utulivu ni mvutano wa pande mbili zilizotoshana nguvu, na njaa, uzee, kisukari au UKIMWI ukilegeza upande mmoja, upande wa pili husonga mbele.

Swali hili lina uzito wa kipekee katika siku zetu. Zamani dawa zilitolewa kwa wagonjwa tu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa 1977 na kusaidiwa na Karel Styblo na chama cha kimataifa alichokitumikia, ulijipatia sifa kwa kuhakikisha kwamba mgonjwa anameza dawa mbele ya msimamizi, na kutokana na mafunzo ya Tanzania Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu huo duniani katika miaka ya 1990. Mgonjwa yule alikuwa na kikohozi chake cha kumshawishi. Siku hizi tunamwendea pia mtu asiyekohoa, mfano anayeishi na virusi vya UKIMWI au mtoto wa nyumba yenye mgonjwa, tukimtaka ameze dawa za kinga kwa miezi kadhaa. Huyu hana maumivu ya kumshawishi, hana homa, hana kitu ila maneno yetu. Maneno yakiwa mabovu, vidonge vitabaki kwenye kopo.

Napendekeza basi "maambukizi fiche". Fiche haisemi kwamba adui ni salama wala kwamba ni mkali. Husema tu kwamba yupo asipoonekana, na lugha yenyewe imekwisha kutuandalia njia kwa ile methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kufundishia, badala ya usingizi, nimeanza kutumia mfano wa moto uliofunikwa majivu jikoni usiku. Kila nyumba inayopikia kuni inaujua: hauonekani, hauunguzi, lakini hakuna anayemwacha mtoto atie mkono humo, na hauzimwi kwa kumwagiwa maji juu juu mara moja.

Jina la ugonjwa lenyewe nalo lina kasoro, ijapokuwa hii naitaja kwa kupita. "Kifua kikuu" hutaja mahali, na ugonjwa huu hauheshimu mahali. Tunalazimika kusema "kifua kikuu cha mifupa" na "kifua kikuu cha tezi", maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani Waswahili hawajui kifua kiko wapi. Ndiyo maana, nadhani, madaktari na wagonjwa pamoja wamekimbilia "TB". Si rahisi kulibadili jina lililokwisha kuota mizizi kiasi hicho, na sishauri lijaribiwe.

Sentensi yangu, baada ya kusahihishwa, imekuwa sita, nami naiweka hapa ili wengine waikosoe kama nilivyojikosoa: "Bakteria wa kifua kikuu wanapoingia katika mapafu humezwa na seli za kinga ziitwazo makrofaji. Kwa kawaida kilichomezwa na seli hizo humeng'enywa kikaisha. Bakteria hawa huzuia wasimeng'enywe, na huendelea kuishi ndani ya seli iliyowameza. Mwili wenye nguvu huwazingira wasienee. Ukidhoofika, huenea na mtu huugua. Dawa huwafuata humo walimo, lakini kwa kuwa wamejificha na huzaliana polepole, kazi hiyo huchukua miezi."

Nimeacha "vijidudu" kwa makusudi. Mdudu wa Kiswahili ana miguu, huonekana, na hufa kwa kupuliziwa dawa mara moja; bakteria hana lolote katika hayo. Wanaohofu kwamba neno "bakteria" ni geni nawaomba wawasikilize watoto wa shule.

Lililobaki bila kutatuliwa ni "seli". Niliposoma tafsiri mpya kule Kinyala, kijana mmoja alicheka peke yake, na alipoulizwa alisema kwamba alipowasikia bakteria wamemezwa na kufungiwa ndani ya seli aliwaona wamekaa sakafuni kituo cha polisi wakingoja dhamana. Watu walicheka sana, na mama mmoja akasema kwamba basi dhamana yao ni njaa na pombe. Wako wanaopendelea "chembe hai", lakini chembe ni pia ya mchanga, ya mtama na ya ukweli, na sentensi yenye "chembe nyeupe kubwa za damu zilizohamia mapafuni" humchosha msomaji kabla hajafika kwenye kitenzi. Kwa sasa nimeiacha "seli" ilivyo, na kijitabu kimekwenda kwa mchapaji hivyo.